PS imewaka lakini TV haina picha: AV, komponenti, HDMI, konvata, fundi ama ubadilishe skrini?

Ukikaa karibu na watu wa gemu hapa Kisumu hili swali hulikosi. Taa ya PS (PlayStation) imewaka, feni unaisikia, padi imeshika, lakini TV imekwama kwa "No Signal" ama imekuwa nyeusi tii, na mwenye mashine ameshapewa ushauri wa aina tatu. Jirani anamwambia anunue konvata, kale kaboksi ka kubadilisha AV iwe HDMI ama kinyume. Binamu yake wa Nakuru anaandika kwa WhatsApp ati hiyo ni HDMI imekufa, peleka kwa fundi. Kijana wa duka anasema hiyo TV ni ya kitambo, tafuta ingine. Wote wanaweza kuwa sawa, shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza ni PS gani na TV gani, na hapo ndio pesa hupotelea.

Kwa hivyo nalinganisha njia zote ambazo watu huambiwa wachague. Nikisema PS mara nyingi namaanisha konsoli yoyote tu, juu huku kwetu hata Xbox kuna watu wanaiita PS na hatutabadilisha hiyo leo.

Vitu nitakavyopimia

Kila njia naipima kwa vitu vilevile. Kwanza inaingia kwa mashine gani na TV gani. Pili picha inakaa aje, hasa maandishi madogo, juu mpira unaweza cheza na picha mbovu lakini kama husomi jina la mchezaji timu utaipanga aje. Tatu kuchelewa, yaani umebonyeza shuti saa hii na mguu unapiga baadaye. Nne pesa. Tano ikikataa inakataa vipi na unafanya nini. Halafu nasema inamfaa nani.

Bei kamili siweki, juu bei ya Oginga Odinga Street si ya Kibuye na zote mbili si za online. Nitasema tu kama ni mia kadhaa, karibu elfu, ama maelfu.

Kabla utoe hata bob

Soma TV inasema nini. "No Signal" maana yake TV haioni kitu chochote kwa hilo tundu. "Mode not supported" ama "Unsupported" ni habari nzuri kuliko watu wanavyodhani, inamaanisha picha imefika mpaka kwa TV ila imekuja kwa rezolusheni ambayo TV haiwezi kufungua, kwa hivyo waya iko sawa na tundu liko sawa, hiyo ni setingi. Picha iko lakini ni nyeusi na nyeupe, hiyo ni stori ya AV na komponenti, tutafika.

Halafu chukua rimoti ubonyeze Source ama Input mpaka ufike tundu lile umechomeka, usiamini TV itajipeleka yenyewe. Nyumba nyingi HDMI 1 imekaliwa na dekoda, PS iko HDMI 2, na mtu anatukana mashine na TV bado inaangalia dekoda.

Na hii ndio test naipenda kuliko zote kwa mashine za HDMI: kama dekoda yako inaonyesha vizuri kwa HDMI, ichomoe, uchukue waya ile ile na tundu lile lile uweke PS. Waya ni nzima, tundu la TV ni zima, umejionea na macho. Kama bado hakuna picha basi shida iko upande wa PS, ama ni setingi ama ni tundu lake. Fanya hivyo vyote vikiwa vimezimwa kwa soketi, sio kuchomeka HDMI stima ikiwa ndani, hasa zile nyumba ambazo ukigusa chuma ya waya unasikia kashoti kadogo.

Huna TV ya pili? Nenda kwa base ya gemu ya mtaa, Manyatta ama Nyalenda hazikosekani, lipa gemu moja umwombe mwenyewe ujaribu mashine yako kwa TV yake. Ni pesa kidogo kuliko konvata ambayo hukuhitaji.

Sasa njia zenyewe.

AV ya rangi tatu (manjano, nyeupe, nyekundu)

Mashine na TV: PS2 na Wii zinakuja nayo kwa boksi, PS3 na Xbox 360 pia zinaikubali. Plagi ya nyuma ya PS2 na PS3 ni moja, kwa hivyo waya ya PS2 iliyolala kwa droo inaingia PS3 bila shida. PS4 haina AV kabisa, tangu itoke 2013 ni HDMI peke yake, hivyo mtu akikuambia ako na "waya ya AV ya PS4" muulize vizuri anauza nini. TV za zamani zenye mgongo nyingi ziko na haya matundu. Flat mpya zimeanza kuyaficha, zingine manjano inaingia kwa tundu la kijani, zingine zina katundu kamoja kadogo kama ka earphone na unahitaji kaadapta.

Picha: mwanga na rangi zote zimesongamana kwa waya moja ya manjano, kwa hivyo usitegemee miujiza. Lakini sikiza, PS2 kwa TV ya mgongo inapendeza kuliko PS2 kwa flat ya inchi 43, hiyo TV ilitengenezewa picha ya aina hiyo. Shida ni PS3 na Xbox 360, gemu zao ziliandikwa kwa HD na kwa AV maandishi yanakuwa ukungu.

Kuchelewa: kwa TV ya mgongo hakuna. Kwa flat iko kidogo juu TV inapanga picha upya kabla ionyeshe, weka Game Mode (setingi ya TV ya kupunguza kuchelewa) kama iko.

Pesa: mia kadhaa, na inapatikana mpaka kwa wale wanauza chaja.

Ikikataa: malalamiko makubwa ni picha kuwa nyeusi na nyeupe. Sababu ya kwanza, umeweka manjano kwa kijani na TV iko kwa Component, ihamishe kwa AV. Ya pili ni PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi ya TV. Kenya tulikuwa watu wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na mashine ama CD iliyotengenezewa Marekani ama Japan inatoa NTSC, 60. TV ya zamani isiyojua NTSC inakosa rangi, ama picha inazunguka juu chini haitulii. Ingia menyu ya TV utafute Colour System, weka Auto ama NTSC, TV nyingi zinajua zote mbili ila mtu alizifungia PAL. Ya tatu ni ya Xbox 360 za kwanza, waya yao ina kaswichi kadogo kwa plagi, TV upande mmoja na HDTV upande mwingine, ukitumia manjano kaswichi kakae TV.

Kuhusu kile kiadapta cha tundu dogo, jua kwamba kampuni za TV hazikukubaliana mpangilio wa ndani, cha TV moja kinaweza kukunyima picha kwa TV ingine na ukasikia tu mngurumo kwa spika. Kabla ukitupe jaribu kuhamisha plagi ya manjano uiweke kwa mdomo wa nyekundu ama nyeupe, mara zingine picha inatokea hapo hapo na hakuna kitu kinaungua.

Inamfaa: mwenye PS2 ama Wii na TV ya mgongo, na pia mwenye PS3 ambayo HDMI imekufa na hataki mashine ilale.

Komponenti (plagi tano)

Mashine na TV: PS2, PS3, Wii na Xbox 360 zote zinaweza. TV lazima iwe na kijani, bluu na nyekundu za picha, pamoja na nyeupe na nyekundu za sauti. Ndio, nyekundu ni mbili, na hapo ndio nusu ya watu huangukia.

Picha: hii njia inadharauliwa bure. Rangi zimetenganishwa, kwa hivyo picha ni safi kuliko AV kwa mbali, Wii inafika 480p (picha ya mistari 480), na PS3 na Xbox 360 zinatoa HD kabisa. Halafu ile shida ya rangi ya PAL na NTSC inaisha yenyewe juu rangi hazifichwi tena ndani ya waya moja. Kinachobaki ni TV ikubali 60 kwa sekunde, na flat karibu zote zinakubali.

Kuchelewa: kama AV kwa flat, pungufu kidogo ikiwa mashine inatoa HD ama 480p.

Pesa: inapita AV, na shida kubwa ni kuipata. Kisumu utazunguka, mara nyingi unaishia kuagiza Nairobi.

Ikikataa: PS2 inahitaji uiambie kwanza. Chomeka AV ya kawaida, washa bila CD, ingia System Configuration, halafu Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, sio RGB. Ukisahau rangi zinakuja za ajabu. Kwa kawaida picha nyeusi na nyeupe inamaanisha bluu na nyekundu hazijashika, na watu wenye sura ya wagonjwa inamaanisha umezibadilisha. Kitu kingine kinachochanganya watu: menyu ya PS2 inaonyesha vizuri lakini ukiweka CD ya PS1 TV inakuwa nyeusi. Gemu nyingi za PS1 zinatoa 240p na flat nyingi hazikubali hiyo kwa komponenti. Mashine haijaharibika, rudi AV kwa hizo gemu.

Inamfaa: mwenye PS2, Wii ama Xbox 360 ya kwanza isiyo na HDMI, na TV yake tayari iko na matundu. Kama TV haina, usiifikirie tena, pita.

HDMI moja kwa moja

Mashine na TV: PS3 zote, PS4, PS5, Xbox One, na Xbox 360 kuanzia zile za 2007 zilipowekewa HDMI. PS2 na Wii hazina, na hakuna setingi ya kuileta.

Picha: hakuna ubishi, na sauti inapita waya hiyo hiyo. Kingo za picha zikiwa zimekatwa, ile ya score inatoka nje ya skrini, hiyo si shida ya waya, tafuta kwa menyu ya picha ya TV kitu kinaitwa Just Scan, Screen Fit ama Full Pixel kulingana na kampuni.

Kuchelewa: inategemea TV. Game Mode tena.

Pesa: mia kadhaa kwa waya. Kwa PS3 na PS4 ya kawaida waya ya bei ya kawaida inatosha, usidanganywe na dhahabu kwa plagi. PS5 na TV ya 4K ndio unatafuta waya nzuri kweli, tumia ile ilikuja kwa boksi. Waya ya mita kumi ya bei rahisi usinunue, picha itakuwa inakatika katika.

Ikikataa: hapa ndio nitakaa kidogo, juu watu wengi wanaolipa fundi shida yao inaisha na kidole.

PS3 inakumbuka TV ya mwisho. Ukiitoa kwa TV ya AV ukaipeleka kwa HDMI, ama ukaitoa kwa TV ya 1080p ukaipeleka kwa TV ndogo, inaendelea kutoa picha kule kule na wewe unaona giza. Haijihamishi. Izime ibaki taa nyekundu, bonyeza power ushikilie, utasikia mlio wa kwanza, endelea kushika kama sekunde tano mpaka wa pili, uachilie. Itaanza upya kutafuta TV na itakuuliza kama utumie HDMI. Picha ikirudi bila sauti ingia Sound Settings, Audio Output Settings, uchague HDMI.

PS4 izime kabisa, sio ile ya taa ya machungwa. Shika power, mlio wa kwanza, halafu kama sekunde saba mlio wa pili, achilia. Hiyo ni Safe Mode. Unganisha padi na waya ya USB ubonyeze kitufe cha PS, chaguo la pili ni Change Resolution. Na hata kama hutabadilisha kitu, Safe Mode ni kipimo kizuri, picha yake ni ya rezolusheni ya chini ambayo karibu TV yoyote inafungua. Kama Safe Mode unaiona, tundu lako ni zima, shida ilikuwa rezolusheni. Kama hata Safe Mode huoni, na waya ni ile ya dekoda iliyokuwa inafanya, sasa tunaongea mambo ya fundi.

Xbox 360 toa CD, izime, iwashe ukiwa umeshika Y na kile kifyatulio cha kulia kwa padi, inarudi rezolusheni ya kawaida.

Ingine ni mpangilio wa kuwasha. Washa TV kwanza, iweke kwa HDMI sahihi, halafu PS. Hizi mashine zinasalimiana kwanza kabla picha ipite na TV zingine zikichelewa kuitikia salamu, PS inakata tamaa.

Inamfaa: karibu kila mwenye PS3 kuendelea na flat. Anza hapa kila wakati.

Konvata

Konvata ndio kitu kinauzwa sana na kinaeleweka kidogo sana. Ziko mbili na hazigeuki. Iliyoandikwa AV2HDMI inatoa kwa mashine ya AV kupeleka TV ya HDMI. Iliyoandikwa HDMI2AV ni kinyume. Maboksi yanafanana kila kitu, na muuzaji akiwa na haraka anakupa yoyote. Soma mwenyewe kabla utoke dukani.

Mashine na TV: AV2HDMI ni ya PS2 ama Wii kwa flat isiyo na AV. HDMI2AV ni ya PS4 kwa TV ya mgongo. Halafu kuna zile ndogo za kuchomeka moja kwa moja nyuma ya PS2 na kutoa HDMI, hizo nyingi zinasoma ishara za komponenti, kwa hivyo ile setingi ya Y Cb/Pb Cr/Pr lazima uiweke kwanza ukiwa na AV. Ndio maana mtu ananunua, anachomeka, anaona giza, anarudisha ati ni mbovu.

Picha: konvata haiongezi kitu kisichokuwepo. Swichi yake ya 720p na 1080p inabadilisha tu ukubwa wa boksi la picha, picha ndani ni ile ile ya AV, na mara nyingi imevutwa pembeni watu wakawa wanene, rekebisha kwa TV uweke 4:3. Kwa upande wa HDMI2AV, PS4 kwa TV ya inchi 21 unaona gari na unaona mpira lakini maandishi wacha tu.

Kuchelewa: hapa konvata ndio inashindwa na wenzake wote. Kuna nzuri na kuna mbaya na kwa macho huwezi zitofautisha, na flat ikiongeza kuchelewa kwake juu unasikia kwa vidole. Gemu za kupigana na mpira wa pesa, hapana. Gemu za kutembea na kupiga misheni, sawa.

Pesa: karibu elfu, juu ama chini.

Ikikataa: nyingi zinahitaji stima kupitia USB na watu wanaiacha hiyo waya kwa boksi. Tumia chaja ya simu kama USB ya TV haitoshi. HDMI2AV ina swichi ya PAL na NTSC pembeni, picha ikizunguka igeuze. Kwa PS4 shusha rezolusheni mpaka 720p ama chini, na picha ikikataa kabisa ingia Settings, System, uzime Enable HDCP, ni kinga ya kunakili ambayo konvata zingine hazielewani nayo. Gemu zitaendelea, lakini app za sinema zitakataa mpaka uiwashe tena. PS3 haina hiyo setingi, bana, kwake ni bahati yako na konvata yako, na kwa kweli PS3 haihitaji HDMI2AV, si ina AV yake nyuma.

Inamfaa: mtu ambaye TV na mashine hazina tundu hata moja wanalokubaliana. Si zaidi ya hapo.

Fundi wa tundu la HDMI

Kabla ulinganishe fundi na konvata elewa hii: PS4 ikifa tundu la HDMI, konvata haiwezi kuiokoa, juu konvata yenyewe inakula kutoka kwa tundu hilo hilo. Naona watu wakinunua kwa matumaini.

Mashine: PS4 na PS5 hasa, juu hazina njia ingine. PS3 ikifa HDMI bado iko na AV na komponenti, kwa hivyo kwake fundi si dharura.

Dalili: mulika ndani na tochi ya simu. HDMI ina pini 19, ukiona moja imelala ama ulimi umevunjika, jibu ni hilo. Picha ikija ukishika waya kwa pembe fulani, jibu ni hilo pia. Tundu likionekana zuri, taa ni nyeupe, na hata Safe Mode hakuna, inaweza kuwa chipu ya HDMI ndani, hasa baada ya radi. Huku magharibi, Kakamega na Kisii mnajua, radi si ya kucheza nayo, na inapita mpaka kwa waya ya aerial, ikaingia TV, ikatoka kwa HDMI. Mvua ikianza chomoa vyote na aerial pia.

Picha na kuchelewa: ikirekebishwa vizuri inarudi kama mpya, hakuna cha kupunguza.

Pesa: maelfu, na chipu inapita tundu.

Ikikataa: kuchomelea tundu kunataka hewa moto na mkono mtulivu, si kila fundi wa redio. Muulize kama ameshafanya PS4, akuonyeshe kwa mashine ikiwaka kabla ulipe, na uulize ikikataa tena baada ya kurekebishwa mnaelewana vipi.

Inamfaa: mwenye PS4 kuendelea ambaye ameshapima waya, TV na Safe Mode. Bila hizo tatu usiende.

Kubadilisha skrini

Mashine na TV: hapa kuna flat ya mkono wa pili, ama monita ya ofisi zile za ex-UK. Monita yenye HDMI ni rahisi, lakini zingine zina matundu ya kompyuta kama DVI, VGA ama DisplayPort. Yenye DVI unapata picha kwa waya ya HDMI kwenda DVI lakini sauti hakuna, na DVI ya kitambo isiyojua HDCP itakunyima PS3. Yenye VGA peke yake inataka konvata yenye tundu la sauti. Yenye DisplayPort, chunga sana, ile waya rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI inatoka kompyuta kwenda TV tu, ya kutoka PS kwenda monita haifanyi.

Picha: monita ndogo ya 1080p na PS4 ni kitu safi. Zile za mraba zinavuta picha ama zinaandika "Out of range".

Kuchelewa: monita inashinda TV nyingi hapa.

Pesa: maelfu, na ongeza spika juu monita nyingi hazina.

Ikikataa: nenda na PS yako mkononi uijaribu dukani. Kwa flat ya mkono wa pili jaribu kila HDMI, sio moja tu, na uingize mkono nyuma uguse kama tundu linacheza.

Inamfaa: mwenye PS4 ama PS5 na TV ya mgongo, anayejua atacheza kwa miaka, na mwenye nyumba ambayo TV moja inagombaniwa na watu wa habari ya saa moja.

Sasa wewe uko wapi

Uko na PS2 na TV ya mgongo, baki AV urekebishe Colour System, usitoe pesa ingine. PS2 na flat yenye matundu matano, tafuta komponenti ukiweza kungoja, usipoweza AV inafanya kazi. PS2 na flat ya HDMI tu, hapo konvata ni halali yako, na ikiwa ni ile ndogo ya kuchomeka nyuma badilisha setingi ukiwa bado uko na TV ya AV ya jirani.

PS3 na giza, mlio wa pili kwanza kabla ya kitu chochote. Ikishindwa weka AV. Ikija kwa AV na ikatae HDMI hata kwa waya ya dekoda, tundu limekufa, na unaweza kuishi na komponenti mpaka upate pesa ya fundi.

PS4 na TV ya mgongo, pima mfuko. Konvata itakuchezesha mpira leo kwa karibu elfu, monita itakuchezesha vizuri kwa maelfu. Kama unajua mwezi ujao utanunua skrini, elfu ya konvata iweke kwa hiyo skrini. Kama skrini haiko karibu na watoto wamefunga shule, chukua konvata, hakuna aibu.

PS4 na flat nzima, hakuna picha, umeshapima waya ya dekoda na Safe Mode, funga mashine kwa mfuko uende kwa fundi, na konvata usinunue hata ukipewa diskaunti.

Na kama unafungua base, iwe Kondele, Bondo ama Mbale, usichanganye mashine na njia kila meza. Chagua HDMI na skrini za aina moja, nunua waya mbili za ziada, na waambie vijana wasivute PS kwa waya, juu meza ikisukumwa tundu ndilo linalovunjika kwanza.